Picha ya kichwa safi lakini baba kapooza, hiyo imekaaje?

Msomaji mmoja wa Makorora hapa hapa Tanga kaniandikia, nimeifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 61, mvuvi. Alilala saa 4 usiku mzima kabisa, saa 11 alfajiri tukasikia kishindo, kaanguka akienda kutia udhu. Mdomo umeenda upande, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, maneno hayaeleweki. Mjomba akasema huo ni upepo mbaya, akaitwa bibi mmoja akamchua, shemeji naye akamtoboa vidole kwa sindano maana aliona WhatsApp. Hospitali tulifika saa 9 alasiri. CT, ile picha ya kichwa, ikatoka safi, lakini dokta akasema ni kiharusi, akampa aspirini. Leo ni wiki ya pili, anatembea kwa kushikwa. Kama picha ni safi wamejuaje ni kiharusi? Na ile sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda niliyoisoma mtandaoni mbona hawakumpa, au kwa vile sisi hatuna hela? Na sasa tufanye nini?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana nyumbani. Nianze na hiyo picha maana naona ndo imewachanganya, na si nyie tu, kila wiki kuna mtu ananiletea bahasha ya CT anasema dokta hebu angalia, wametuambia hakuna kitu sasa mbona mzee hanyanyui mkono.

Kiharusi kiko cha aina mbili kubwa. Kuna mshipa wa damu kwenye ubongo kuziba, na kuna mshipa kupasuka damu ikamwagika ndani. Ukimwangalia mgonjwa kitandani vyote vinafanana, mdomo upande, mkono umelegea, ulimi mzito, na hata daktari awe na uzoefu wa miaka mingapi hawezi kukwambia kwa uhakika kwa macho tu ni kipi. Sasa damu iliyomwagika CT inaiona pale pale, inatokea nyeupe kabisa kwenye picha. Kwahiyo kazi ya kwanza ya ile CT haikuwa kutafuta kiharusi, ilikuwa kutafuta damu. Picha ikitoka safi kwa mtu aliyepooza ghafla upande mmoja, hiyo ni habari kubwa tayari, maana yake mshipa haujapasuka, na kilichobaki mbele kwenye orodha ni mshipa kuziba.

Kwanini uliozibika usionekane? Ukikata maji kwenye tuta la mchicha asubuhi, ukipita saa ile ile utaona mchicha umesimama vizuri tu, kunyauka kunakuja baadae. Ubongo ndo hivyo hivyo, sehemu iliyokosa damu inaanza kufa ndani ya dakika lakini kubadilika kwake rangi kwenye CT kunachukua masaa, na kama eneo lenyewe ni dogo, vile vijishimo vidogo vya ndani sana ambavyo watu wenye presha ya muda mrefu hupata, CT inaweza isikionyeshe hata kesho yake. MRI, mashine nyingine ya picha, inakiona mapema zaidi na vizuri zaidi, ila MRI ni ghali na haiko kila mahali. Ndo maana ugonjwa huu bado unatambuliwa kwa historia kwanza: umeanza ghafla, umeshika upande mmoja, mtu alikuwa mzima. Alafu unapima sukari, hii naomba watu waielewe, sukari ikishuka sana inaweza kumfanya mtu aonekane kapooza upande mmoja kabisa, ukimpa glukosi anaamka. Kipimo chake ni tone la damu tu, kwahiyo kiharusi hakisemwi mpaka hicho kimefanyika.

Mashine yenyewe ya CT si ya zamani sana kama watu wanavyodhani. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London mwaka 1971, aliyeitengeneza ni injinia Mwingereza, Godfrey Hounsfield, akapata Nobel mwaka 1979. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wanakisia tu nani kavuja na nani kaziba, na ukikisia vibaya huwezi kutoa dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda bila roho kukudunda.

Haya, sindano. Hapa ndo kuna kidonda, maana unaniuliza kama ni hela.

Hiyo dawa inaitwa alteplesi. Utafiti ulioifungulia mlango ulifanyika Marekani, ukatoka mwaka 1995, wagonjwa 624, nusu wakapewa dawa nusu wakapewa sindano tupu isiyo na dawa, wote ndani ya masaa 3 tangu kuanza. Baada ya miezi mitatu waliopewa walikuwa na nafasi kubwa zaidi, si chini ya asilimia 30 zaidi, ya kubaki bila ulemavu au na ulemavu kidogo sana. Lakini bei yake ni kwamba asilimia 6.4 ya waliopewa walivuja damu kwenye ubongo kwa kiwango cha kuwaletea madhara, wenzao ambao hawakupewa ni asilimia 0.6. Soma tena hizo namba mbili taratibu. Ni dawa nzuri, na ni dawa ambayo ukiichoma kwa mtu asiyestahili unamuua. Mwaka 2008 utafiti mwingine wa Ulaya ukasogeza muda mpaka masaa 4 na nusu, na hapo ndo mpaka wake wa kawaida ulipo mpaka leo.

Sasa saa inaanza kuhesabiwa lini? Watu wengi wanasema ilianza saa 11 alfajiri, kwa sababu ndo waliposikia kishindo. Sisi hatuhesabu hivyo. Tunahesabu kuanzia mara ya mwisho mtu alipoonekana mzima, na kwa baba yako, kwa ulivyoniandikia, hiyo ni saa 4 usiku. Maana yake alipoanguka pale njiani kwenda kutia udhu tayari kwa hesabu yetu yalikuwa yamepita masaa saba, hata kama nyumba yenu ingekuwa imegusana na ukuta wa hospitali ya Bombo. Hakuna aliyewanyima kwa umaskini. Hata angelala tajiri wa Raskazone kwa saa hizo hizo, sindano kwa utaratibu wa kawaida asingepewa.

Lakini ngoja. Hapa ndo huwa nawasumbua ndugu pale mapokezi mpaka wananiona mkorofi. Namuuliza mama: usiku aliamka kwenda msalani? Mliongea? Alijibu vizuri? Akasimama mwenyewe? Kwa sababu kama mama yenu angesema ndiyo, saa 10 alfajiri aliamka akaniomba maji, akachukua kikombe kwa mkono wa kulia akanywa, akarudi kulala, basi saa inaanza 10 alfajiri siyo 4 usiku, na mkiwahi mapema asubuhi hiyo hiyo mlango unafunguka kabisa. Sentensi moja ya mke inaweza kubadilisha matibabu yote. Na ukiangalia kwenye familia zetu anayeijua hiyo sentensi ndo anaachwa nyumbani na watoto, wanaokuja hospitali ni wanaume watatu ambao usiku ule kila mtu alilala kwake. Mleteni aliyelala naye. Au mpigieni simu akiwa nyumbani, niongee nae.

Utafiti umejaribu kuwatafutia njia hawa wanaoamka wakiwa na kiharusi. Mwaka 2018 ulitoka mmoja wa Ulaya unaitwa WAKE-UP, walitumia MRI kuangalia kama jeraha kwenye ubongo ni bichi, aina moja ya picha inalionyesha na nyingine bado hailionyeshi, basi wanajua ni la masaa machache wanampa sindano hata kama hakuna anayejua lilianza saa ngapi. Ikasaidia. Alafu kuna njia ya kuingiza mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka kichwani na kulivuta lile bonge la damu lenyewe. Hiyo ilithibitika mwaka 2015, utafiti wa Uholanzi uitwao MR CLEAN ukatangulia na wengine wanne wakafuata mwaka huo huo, na mwaka 2018 wakaonyesha kwamba kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri inaweza kufanyika mpaka masaa 24. Ila hii ni kwa mshipa mkubwa uliozibika, kwa vimishipa vidogo vya ndani hakuna mpira unaofika. Kwa maelezo yako, na bila kumwona, baba yako anafanana zaidi na mtu wa vimishipa vidogo, kwahiyo hata hiyo huenda isingemhusu. Sisemi hivi kuwafariji, mtu aliyefika saa 9 alasiri kwa tatizo la alfajiri amechelewa na lazima tuliseme. Walipiga hesabu wenzetu mwaka 2006 wakaona mshipa mkubwa ukiziba zinakufa chembe za ubongo milioni 1.9 kila dakika. Kila dakika.

Ndo maana hili la kutoboa vidole linanikera. Ule ujumbe unazunguka kila mwaka, unasema mtoboe ncha za vidole na masikio mpaka damu itoke ndo mumsogeze hospitali, eti mkimsogeza mapema mishipa itapasuka. Hakuna hata neno moja la kweli mle ndani. Tone la damu ya kidole halina njia ya kufungua mshipa wa kichwani, kinachotokea ni mtu analala chini masaa mawili anasubiri vidole kumi vivuje. Kama kuna mtu kwenye grupu la familia kaurusha, mwambieni aufute.

Kuhusu upepo mbaya simlaumu mjomba. Kuna watafiti waliwahi kukaa na watu wa Dar es Salaam na watu wa vijijini Hai, Kilimanjaro, wakawauliza kiharusi kinatoka wapi, na ajabu ni kwamba wa mjini ndo waliotaja zaidi majini na uchawi, wa kijijini walitaja zaidi presha na mawazo na mafuta. Sisi tunadhani mambo hayo ni ya shamba, kumbe. Na mjini ndo kiharusi kilipo kingi, uchunguzi uliofanyika huko huko kuanzia 2003 mpaka 2006 ulikuta Dar karibu watu 316 wapya kwa kila 100,000 kwa mwaka, Hai kama 109, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Kisomo mimi sikikatazi, shehe anaweza kusoma ndani ya bajaji mkiwa mnaelekea hospitali, Qurani haizuiliwi getini. Ninachokataa ni kusubiri kisomo kiishe ndo gari iitwe.

Aspirini nayo naona umeiandika kama vile walimpa kwa kukosa cha kumpa. Hapana. Mwaka 1997 zilitoka tafiti mbili kubwa, moja ya nchi nyingi na nyingine ya China, ukijumlisha wagonjwa ni karibu 40,000, aspirini ikianza ndani ya masaa 48 inaokoa kama watu 10 katika kila 1,000 wasife au wasipigwe tena ndani ya wiki zile za mwanzo. Utasema ni wachache. Ni wachache, lakini ni kwa kidonge ambacho kila duka la dawa Ngamiani kinapatikana kwa bei ya maandazi, na kinafaa karibu kila mtu aliyezibika, wakati ile sindano ya gharama inawafaa wachache wanaowahi. Kwa wiki ya pili hii asiache. Ila msije mkaigeuza huduma ya kwanza, mtu akianguka nyumbani msimpe aspirini kabla ya picha, hamjui kama ni kuziba au kupasuka, na kama ni kupasuka mmemwongezea kuvuja.

Na wala msimpe kitu chochote mdomoni, hata maji. Hili kwetu gumu, mtu kaanguka wa kwanza kufika anakuja na kikombe cha uji au maji ya zamzam. Koo linakuwa limepooza pia, uji unateremkia kwenye mapafu, siku ya tatu homa, siku ya tano nimonia, ndugu wanasema kiharusi kimemuua kumbe ni uji. Utafiti ninaoupenda kuliko yote kwenye ugonjwa huu hauna mashine, ulitoka Australia mwaka 2011, hospitali zilikuwa 19, manesi wa baadhi yake wakafundishwa mambo matatu tu, kushusha homa, kudhibiti sukari, na kupima kama mgonjwa anameza kabla ya kumlisha. Kwenye wodi zilizofanya hivyo waliokufa au kubaki tegemezi baada ya siku 90 walikuwa asilimia 42, kwenye wodi zilizobaki na kawaida yao ilikuwa asilimia 58. Hakuna sindano mpya hapo. Ni tochi, kijiko cha maji na nesi aliyefundishwa. Nikipewa fedha kidogo za kusaidia wagonjwa wa kiharusi mkoa mzima huu, kuanzia Lushoto mpaka Pangani, ningeanzia hapo kabla ya kufikiria mashine ya kuvuta mabonge.

Sasa mfanye nini. Presha kwanza. Hukuniandikia kama alikuwa nayo lakini mvuvi wa miaka 61 mwenye kiharusi, nabashiri ana kadi ya presha mahali fulani na dawa aliacha kwa sababu "ilishashuka." Mwambie ilishuka kwa sababu ya dawa. Siku za mwanzo kabisa huwa hatuishushi kwa pupa, kama hapewi sindano tunavumilia mpaka 220 kwa 120, kwa sababu ubongo uliobanwa unahitaji msukumo wa damu, ndo maana pengine mlikuta presha yake 190 na dokta hakushtuka na nyie mkaona kama anapuuzwa. Na ile ya kumpasulia mtu kidonge cha nifedipini chini ya ulimi ili ishuke haraka msiifanye hata siku moja. Lakini sasa wiki ya pili imefika, presha inatakiwa ishushwe, taratibu na moja kwa moja mpaka kuzeeka. Utafiti wa mwaka 2001, wagonjwa 6,105 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za kupita, dawa za presha zilipunguza kiharusi cha pili kwa asilimia 28. Hakuna dawa ya kuchua inayofika hapo.

Chumvi mnaijua wenyewe, ng'onda na papa mkavu kila siku na achari pembeni. Huko China walichukua vijiji 600, nusu yake wakabadilisha chumvi ya kawaida kwa ile iliyochanganywa potasiamu, matokeo yakatoka 2021, viharusi vikapungua asilimia 14. Hiyo chumvi si lazima muitafute, na mwenye figo mbovu haimfai, lakini mama apunguze mkono kwenye sufuria, na papa alowekwe maji yamwagwe, au bora wamle samaki mbichi, mvuvi huyo jamani.

Vipimo vya kuulizia kliniki: sukari, lehemu, na ECG ya moyo. ECG ndo watu wanaisahau. Kama moyo unapiga ovyo ovyo, damu inaganda ndani ya moyo wenyewe na kurushwa kichwani, na hapo aspirini haitoshi, anahitaji dawa nyingine nzito zaidi. Waulize pia kuhusu statini ya lehemu, wengi wa waliozibika wanaihitaji. Kuna watu watawaambia muongezee na klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu jirani alipewa zote mbili, hiyo ni kweli ipo, utafiti wa China wa 2013 ulionyesha inasaidia, lakini kwa kiharusi kidogo sana au kile cha kupita, ianze ndani ya saa 24, na kwa siku 21 tu, baada ya hapo kimoja kinaachwa. Baba yako dirisha hilo limeshapita, msinunue.

Kuhusu bibi wa kuchua, akipaka mafuta ya nazi taratibu bila kuvuta hana madhara, ngozi italainika na mzee atafurahi. Ninachoogopa ni bega. Mkono uliopooza bega lake limelegea, mkimnyanyua kwa kumvuta mkono huo mnalitoa bega mahali pake na maumivu yake anaishi nayo. Mshikeni kiunoni, tena kwa upande wa udhaifu. Nendeni kwa fiziotherapia mara nyingi iwezekanavyo na muombe mfundishwe mazoezi ya nyumbani, maana kinachorudisha mkono ni mzee mwenyewe kuutumia, siyo nyie kuuchezesha yeye anaangalia tivii. Afunge kifungo cha shati. Ashike kikombe. Ashone wavu, hiyo ni fiziotherapia nzuri kuliko mipira yetu ya hospitali. Atachoka haraka, muacheni apumzike, alafu aendelee, na miezi mitatu minne ya mwanzo ndo yenye mavuno zaidi kwahiyo msiipoteze kuzunguka kutafuta dawa ya kunywa.

Najua atauliza lini anarudi baharini kwa sababu wote wanauliza. Mpaka atembee mwenyewe bila kushikwa, mkono wa kulia ukamate kamba na usiachie, na presha ikae chini kwa vipimo kadhaa mfululizo, na hata hapo asiende peke yake kwenye ngalawa. Hicho kipimo cha kamba nifanyieni nyumbani, mfungie kamba ya nanga kwenye mwembe avute kwa mkono huo mmoja, mkiona inamponyoka mnajua bado.